Ni Mtumiaji wa Kawaida Tu

Sentensi hiyo niliitamka mimi, mwanzoni mwa Januari 2022, na nikiikumbuka bado naona haya. Mtumiaji mmoja wa seva yetu alikuwa na nywila moja kwa kila kitu. Tovuti fulani aliyojisajili ikavuja, na mtu tusiyemjua akaichukua nywila ile akaijaribu kwetu. Ikafungua. Alikaa ndani siku nne, mpaka mwenye akaunti aliposhtuka kuona kwamba akaunti yake iliingiwa saa tisa usiku wakati yeye alikuwa amelala. Tukabadilisha nywila, tukafuta ufunguo wa SSH (njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali) ambao mgeni aliuacha ili apate kurudi, tukalifunga suala. Mwenzangu aliniuliza kama tusiisuke upya mashine nzima.

"Ya nini?" nikamjibu. "Ni mtumiaji wa kawaida tu. Hana sudo, hana kitu."

Ilikuwa seva ya mahesabu, ya Linux, yenye akaunti sitini na kitu. Watu waliingia kwa SSH kutoka walikokuwa, wakaacha kazi zao zikiendelea, wakaenda zao. Wenye root, yaani akaunti kuu inayoweza kufanya lolote kwenye mashine, tulikuwa wawili; sudo ni amri ya kuazima nguvu hizo. Hao sitini kila mmoja alikuwa na folda yake na hakuweza kugusa ya mwingine, wala kugusa mfumo. Ukuta ule kati ya root na wengine niliuamini kabisa. Sikuwahi kujiuliza umejengwa kwa nini.

Kisha ikafika tarehe 25 Januari. Kampuni ya Qualys ikatangaza udhaifu uliosajiliwa kama CVE-2021-4034, ambao wenyewe waliupa jina la PwnKit. Ulikuwa ndani ya pkexec, programu ndogo inayokuja na polkit, huduma ya kuamua nani aruhusiwe kufanya nini, na polkit imo karibu katika kila toleo kubwa la Linux. Mtu yeyote mwenye akaunti, hata iliyo duni kiasi gani, aliweza kujifanya root. Kosa lilikuwamo tangu toleo la kwanza kabisa la pkexec, Mei 2009. Miaka kumi na miwili na zaidi.

Nilisoma maelezo yao usiku ule, kisha nikarudia, kwa sababu mara ya kwanza sikuamini kwamba kosa lenyewe ni dogo hivyo. Programu inapoanzishwa kwenye Linux hupokea orodha mbili zilizopangwa kwenye kumbukumbu zikiwa zimegusana: ya kwanza ni maneno ya amri, ya pili ni vigeu vya mazingira, yaani mipangilio midogo ambayo programu hupewa inapoanza. Kwa desturi neno la kwanza la amri ni jina la programu yenyewe, kwa hiyo waandishi wengi huliruka na kuanza kusoma la pili. pkexec ilifanya hivyo pia. Ila desturi si sheria. Hakuna kilichomzuia anayeianzisha kuipa orodha tupu, isiyo na neno hata moja. Akifanya hivyo, pkexec inaruka neno la kwanza ambalo halipo, inanyoosha mkono kuchukua la pili, na kumbe imeshavuka mpaka: inachokishika ni kigeu cha kwanza cha mazingira. Inakisoma ikidhani ni jina la programu, inatafuta iliko programu hiyo, halafu, na hapa ndipo ubaya ulipo, inaandika jibu palepale ilipochukua.

Kuandika kigeu kimoja cha mazingira kunaweza kuonekana jambo dogo. Lakini programu inayopewa nguvu za root inapoanza, mfumo huipekua kwanza na kuivua vigeu vyote vya hatari, vile vinavyoweza kuielekeza ikapakie maktaba zilizotengenezwa na mtu mwingine. Upekuzi hufanyika mlangoni, mara moja. Kosa hili lilimwezesha mgeni kupitisha mfuko mtupu mbele ya mlinzi, kisha kutia kisu mfukoni akiwa ndani. Baadaye pkexec ilipotaka kuchapisha ujumbe wa hitilafu na kuhitaji kubadili aina ya herufi, ilikifuata kigeu kile, ikapakia maktaba ya mgeni, ikaiendesha kwa jina la root.

Jambo lililonikera zaidi ni kwamba tabia hii ya orodha tupu haikuwa siri. Mwaka 2013 kuna mwandishi wa programu aliyeieleza hadharani, tena akiitaja pkexec, lakini hakupata njia ya kuigeuza kuwa shambulio. OpenBSD ilikuwa tayari inakataa kuanzisha programu yenye orodha tupu. Linux ilikuja kurekebisha upande wake baada ya kelele za PwnKit: kuanzia toleo la 5.18 la kerneli, yaani kiini cha mfumo, orodha ikija tupu inatiwa neno moja lisilo na herufi, ili anayeliruka aruke kitu kilichopo.

Viraka, yaani marekebisho, vya polkit vilikuwa vimeshaanza kutoka, lakini seva yetu ilikuwa ya toleo la zamani na sikutaka kungoja. Dawa ya haraka ilikuwa mstari mmoja: kuiondolea pkexec biti ya setuid, alama inayoipa nguvu za root, kwa amri ya chmod 0755. Nilifanya hivyo saa sita usiku. Saa chache baada ya tangazo tayari watu walikuwa wamechapisha programu za kuushambulia udhaifu huo, kwa hiyo nilijiona nimewahi.

Setuid nilikuwa naijua kwa namna mtu anavyoijua bomba la maji lililo ukutani: naamini lipo. Ni wazo la Dennis Ritchie, aliyeliombea hataza mwaka 1973 na kuipata mwaka 1979. Tatizo alilolitatua ni la kweli. Nywila za wote zimo ndani ya faili moja ambayo root peke yake anaruhusiwa kuiandika. Sasa mtumiaji anabadilije ya kwake? Jibu la Ritchie: programu iwekewe alama, na yeyote atakayeiendesha, kwa muda ule iendeshwe kwa nguvu za mwenye programu, si za aliyeiita. Kwa hiyo passwd inaendeshwa kama root hata ukiiita wewe. Maana yake, kila programu yenye alama hiyo ni tundu kwenye ukuta niliouamini. Tundu lenye mlinzi, sawa, lakini mlinzi mwenyewe ni msimbo ulioandikwa na binadamu. Usalama wangu wote ulikuwa unategemea kwamba hakuna hata mmoja kati ya walinzi hao aliyewahi kusinzia.

Nikiwa bado na dirisha la terminali wazi, nikajiuliza pkexec ilikuwa inafanya nini kwenye seva isiyo na skrini. Kazi yake hasa ni kwenye kompyuta za mezani, ile dirisha inayokuomba nywila ukitaka kubadili kitu cha mfumo. Kwetu hakuna aliyewahi kuiita. Ililetwa na kifurushi kingine, nacho kililetwa na kingine, basi ikakaa miaka na nguvu za root, haina kazi. Na kama hiyo ipo, zipo ngapi?

Nikaandika amri ya kutafuta kila faili lenye alama ya setuid: find / -perm -4000 -type f. Ikaja mistari ishirini na miwili. Nikaanza kuiuliza dpkg, programu inayotunza orodha ya vifurushi vilivyowekwa, mmoja mmoja, faili hii ni ya kifurushi gani. su, mount, passwd, sudo, zote zina wenyewe. Ishirini na moja zilijibiwa. Ya ishirini na mbili dpkg haikuijua. Ilikuwa chini ya /var/tmp, ndani ya folda yenye jina linaloanza na nukta ili isionekane kwa urahisi, mmiliki wake root.

Nikalinganisha alama za sha256, ambazo ni kama alama za vidole za faili. Ilikuwa bash, yaani shell, programu inayopokea amri za mtumiaji na kuziendesha. Nakala kamili ya bash, yenye biti ya setuid. Bash ikiitwa hivihivi kwa setuid huacha nguvu zile, lakini ukiiongezea kijibandiko cha -p inabaki nazo. Yaani mtu yeyote kwenye mashine, aliyejua njia ya faili ile, alikuwa hatua moja kutoka root, bila PwnKit, bila udhaifu wowote wa kutangazwa na kampuni. Tarehe ya kuundwa kwake iliangukia siku ya tatu kati ya zile nne za mgeni wetu.

Nilikaa kimya muda. Kisha nikampigia mwenzangu, saa nane kasoro usiku. Hakuniambia "si nilikwambia". Alisema tu, "Haya, naamka."

Dhana ya kwanza ilikuwa kwamba mgeni aliujua udhaifu wa pkexec kabla haujatangazwa. Kwa kweli nilitamani iwe hivyo. Ukipigwa na kitu ambacho dunia nzima haikukijua, huna lawama. Mwenzangu hakushawishika. Alisema mtu mwenye silaha ya namna hiyo haji kuitumia kwa mahesabu ya watu na kuacha bash ndani ya /var/tmp. Akaanza kupekua kazi za cron za root, zile zinazojiendesha zenyewe kwa ratiba.

Ilikuwapo skripti ya kila saa, iliyokusanya taarifa za matumizi ya diski na kuziweka mahali ambapo kila mtu angeziona. Niliiandika mimi, mwaka 2019. Nikamwambia hiyo haina neno: faili ni ya root, wengine wanaisoma tu, hawaiandiki. Akanionyesha folda. Niliiweka skripti ndani ya folda ya pamoja, ambayo kundi la watumiaji wote liliruhusiwa kuandika, ili watu waweke na skripti zao.

Hapa ndipo wengi tunapojikwaa, na nilikuwa nimejikwaa miaka mitatu bila kujua. Ruhusa ya kuandika ndani ya faili ni ya faili. Ruhusa ya kufuta faili au kulibadili jina ni ya folda iliyolibeba. Kwa hiyo mtumiaji yeyote hakuweza kubadili herufi moja ya skripti yangu, lakini aliweza kuipa jina jingine, kuweka yake yenye jina lileile, kusubiri saa igonge, root aiendeshe kwa utiifu, kisha kurudisha yangu mahali pake. Biti ya kunata, ile iliyoko kwenye /tmp ambayo inamzuia mtu kufuta kisicho chake, ingetosha kuzuia yote hayo. Sikuiweka. Kikulacho ki nguoni mwako, na hii nguo niliishona mwenyewe.

Kwa macho skripti ilionekana haijaguswa: maandishi yaleyale, mmiliki yuleyule, tarehe ya kuandikwa 2019. Lakini faili kwenye Linux lina tarehe zaidi ya moja. Ipo ya maandishi, ambayo yeyote mwenye faili huweza kuirudisha nyuma kwa touch, na ipo ya taarifa za faili, inayobadilika hata jina tu likibadilishwa, na ambayo touch haiwezi kuipanga. Hiyo ya pili, ukiita stat, ilionyesha Januari 2022, dakika chache kabla ya bash ile kuundwa.

Basi. Hakutumia udhaifu wowote wenye namba. Aliingia kwa nywila ya kuokota, akatazama ni nini root anaendesha, akakuta uzembe wangu. Ningekuwa na viraka vyote vya dunia asingehitaji hata kimoja kiwe kimekosekana.

Swali la pili lilikuwa gumu kuliko la kwanza: alifanya nini akiwa root? Tulifungua logi, hazikuwa na kitu. Lakini logi zilikuwa kwenye mashine ileile, na root anaweza kuandika apendacho humo. Ukimya wake haukuwa ushahidi wa chochote. Tulilinganisha faili za mfumo na alama za vifurushi kwa debsums, zikalingana, ila debsums yenyewe na orodha zake zilikuwa kwenye mashine hiyohiyo. Ni kama kumuuliza mshukiwa akusomee barua aliyoiandika mwenyewe. Asubuhi tulikubaliana kwamba mashine haiwezi kuaminiwa tena, na kwamba tulipaswa kukubaliana hivyo wiki tatu nyuma.

Kuisuka upya kulichukua siku mbili. Kuwaandikia watumiaji kulichukua nusu siku na kulinichosha zaidi. Ilibidi niwaambie kwamba faili lenye nywila zao zilizofumbwa tulichukulie limeshachukuliwa, kwa hiyo kama nywila hiyo wanaitumia kwingine waibadilishe huko pia. Na kwamba aliyehifadhi ufunguo wake binafsi wa SSH kwenye seva autupe. Nilitaja pia kwamba mlango ulikuwa skripti yangu. Mwenzangu alidhani si lazima. Mimi niliona kwamba nikiificha, nitarudia.

Mashine mpya tuliijenga tukiuliza swali moja kwa kila kitu: kama mmoja wa hawa sitini si yeye, atafika wapi? Awali nilikuwa nauliza atawezaje kuingia, kana kwamba akishaingia mchezo umekwisha au haujaanza. Polkit haikuwekwa kabisa. chfn na chsh, amri za mtumiaji kubadili taarifa zake na shell yake, tulizivua setuid, maana hakuna aliyezihitaji. Orodha ikashuka kutoka ishirini na mbili hadi kumi. /tmp, /var/tmp, /dev/shm na /home zilipachikwa kwa nosuid, yaani alama ya setuid haifanyi kazi humo, na hilo pekee lingeifanya bash ya mgeni kuwa faili la kawaida lisilo na nguvu pale alipoliweka. Skripti za root zilihamia kwenye folda ambazo root peke yake anaandika, mpaka folda za juu yake. Logi zikaanza kutumwa kwenye mashine nyingine papo hapo zinapoandikwa. Kila usiku find ileile inapita na kulinganisha orodha na ya jana.

Sudo ilihitaji siku yake. Tuligundua watu wawili wenye ruhusa ya kuendesha amri moja tu kama root, kihariri cha maandishi, ili wabadilishe faili moja la usanidi. Kihariri kile kina uwezo wa kufungua shell ndani yake. Ruhusa ya kukiendesha kama root ni root kamili. Mwingine alikuwa kwenye kundi la docker, programu ya kuendesha makontena (vyumba vilivyotengwa vya programu), na huyo anaweza kuanzisha kontena na kulipachikia diski nzima ya mashine. Tofauti yake na root ni adabu tu. Hakuna kati ya hao aliyekuwa mbaya. Walipewa kwa haraka, siku ya shughuli, na aliyewapa, ndiyo, ni mimi.

Tulibishana kuhusu nafasi-majina za watumiaji, zile zinazomruhusu mtu wa kawaida kujifanya root ndani ya kichumba chake. Zinamfungulia sehemu za kerneli ambazo asingezifikia, na makosa kadhaa ya kerneli ya miaka ya karibuni yamepitia huko. Mwenzangu alitaka zizimwe. Lakini watumiaji wetu walizihitaji kwa makontena yasiyohitaji root, na kuzizima kungewarudisha kuomba docker. Tuliziacha. Bado sina hakika tulichagua sawa.

Jambo lililobaki lilikuwa la kuwasha upya. Hapo nina deni la zamani. Oktoba 2016 ilipotangazwa Dirty COW, CVE-2016-5195, nilikuwa mgeni katika kazi hii. Ule ulikuwa udhaifu ndani ya kerneli yenyewe: nyuzi mbili za programu moja, zinazoendeshwa kwa wakati mmoja, zinashindana, moja inaandika kwenye nakala yake ya ukurasa wa kumbukumbu, nyingine inaiambia kerneli ukurasa ule hauhitajiki tena, na katikati ya purukushani hiyo kerneli inaandika kwenye faili halisi ambalo mtumiaji aliruhusiwa kulisoma tu. Linus Torvalds alieleza kwenye kiraka chake kwamba kosa ni la zamani, na kwamba miaka kumi na mmoja nyuma aliwahi kujaribu kulirekebisha, vibaya. Mimi kiraka nilikiweka siku ileile. Seva sikuiwasha upya kwa muda wa wiki tano, kwa sababu ilikuwa imewaka siku mia nne bila kuzimwa na nilijivunia namba hiyo. Kiraka cha kerneli kikiwa kwenye diski huku kerneli ya zamani ndiyo inayoendesha mashine hakimsaidii mtu yeyote. Nilikuwa natunza rekodi ya jinsi nilivyochelewa.

Mashine mpya ilipotimiza wiki tano, tarehe 7 Machi 2022, Max Kellermann akatangaza Dirty Pipe, CVE-2022-0847. Tena mtu wa kawaida, tena faili la kusomwa tu linaandikika, safari hii kupitia bomba (njia ya programu kupitishiana data) na bendera moja, yaani alama ndani ya kerneli, iliyosahaulika kusafishwa. Iliathiri kerneli kuanzia 5.8. Ile seva ya zamani, kwa ukongwe wa kerneli yake, isingeguswa. Hii mpya tuliyoijenga kwa uangalifu wote ule ilikuwa ya 5.10, chini ya 5.10.102 iliyorekebishwa. Mwenzangu alicheka mpaka akatoa machozi.

Nosuid zetu zisingesaidia, kwa sababu Dirty Pipe inaweza kubadili hata kile kinachosomwa kutoka faili la nywila. Kulikuwa na kazi ishirini zinaendelea, mojawapo ikiwa na siku ya tisa. Niliwaandikia wenye nazo kwamba saa kumi na mbili jioni mashine inazimwa. Mwenye siku tisa alijibu ndani ya dakika moja: je, haiwezekani kusubiri, wakati huyo mshambuliaji anayesemwa ni lazima kwanza awe mtumiaji wa mashine, na watumiaji ni sisi wenyewe tu?

Nilimwambia ahifadhi anachoweza kuhifadhi. Saa kumi na mbili na dakika tatu nikaizima.